Ujumbe wa Koperative

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Fabiola alipanga ndoo za maharage mbele ya nyumba yao ya kupanga huko Ndosho, kisha akamsomea mama yake ujumbe ulioingia kwenye simu. Mama Marcelline hakujua Kifaransa. Fabiola, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa, na mama yake alihakikisha mtaa mzima unalijua hilo. Majirani nao wakaleta simu zao.

Siku moja uliingia ujumbe mrefu kutoka koperative ya akiba.

"Banasema nini?" mama aliuliza huku akipima maharage.

Fabiola alisoma mara mbili. Maneno ya ofisini yalimpiga chenga. Lakini muzee Damascène, fundi viatu wa jirani, alikuwa amesimama pale na ujumbe uleule kwenye simu yake, akimsubiri kama mgonjwa anavyomsubiri daktari. Angesemaje kwamba hajui?

"Wanatusalimia tu," alisema. "Wanatutakia biashara njema."

"Ni batu ba heshima," mama alisema, akafurahi.

Mama Marcelline alikuwa na dola mia sita kule koperative, za kununulia mbao na mabati ya nyumba yao wenyewe. Kwa mwaka na nusu hakuwa ameweka wala kutoa hata senti. "Ile pesa sijaigusa!" alijisifu. Kwake yeye, pesa isiyoguswa ndiyo iliyo salama.

Hata hivyo, Fabiola hakuwa na amani. Aliunakili ujumbe ule, akampelekea mwalimu wake, Kambere, akidai ni wa binamu yake wa Butembo.

"Koperative imebadilisha masharti," mwalimu alieleza. "Akaunti iliyokaa mwaka mzima bila kuwekewa wala kutolewa pesa itafungwa mwisho wa mwezi. Pesa itapelekwa Kinshasa, na kuidai huko kutachukua miezi mingi. Huyo binamu afanye haraka, zimebaki siku nne."

Fabiola alirudi nyumbani akiwaza. Akisema, mtaa wote utajua ni mwongo. Akinyamaza, pesa ya nyumba yao itaenda Kinshasa. Siku ya kwanza alijiambia atasema kesho. Siku ya pili alimsikia mama akimwambia mteja, "Huyu mutoto wangu hakuna kitu kinamushinda kusoma," akatamani ardhi immeze. Hakuona pa kutokea. Siku ya tatu alishindwa kula, akasema tumbo linamuuma.

Mama alimshika paji la uso.

"Lala hapa, mwanangu. Nitaenda kutoa ile pesa kidogo, nikupeleke hospitali."

Fabiola aliangua kilio. "Mama, siumwi! Nilikudanganya. Ule ujumbe sikuuelewa. Kesho wanafunga akaunti yako!"

Mama alifunika ndoo, akachukua kitambulisho chake, kitabu chake cha akiba na pesa za maharage za siku ile. "Vaa viatu," alisema. "Tumuite na muzee Damascène, aje na kitabu chake na pesa kidogo."

Kwenye ofisi ya koperative foleni ilifika nje. Walisimama hadi saa nane, na Fabiola aliogopa mlango utafungwa kabla zamu yao haijafika. Karani, mama Bashige, alitazama kitabu cha mama Marcelline, akatikisa kichwa.

"Mama, umeponea chupuchupu. Weka hata dola tano, akaunti itakuwa hai. Kisha usipitishe mwaka bila kuweka kitu."

Mama aliweka dola tano. Damascène naye akaweka, kisha akamgeukia Fabiola kwa mshangao. "Lakini si ulituambia ni salamu?"

Fabiola alimtazama mama yake. Mama alimuonyesha muzee kwa kidevu, ajibu mwenyewe.

"Niliwadanganya, muzee. Sikuelewa, nikaona haya kusema. Munisamehe."

Muzee alishusha pumzi, akamwekea mkono begani.

Walipotoka nje, mama alisema taratibu, "Fabiola, mimi nilikosea kuacha pesa miezi yote hiyo bila kwenda kuuliza. Lakini wewe sikiliza. Siku ukisoma kitu usikielewe, niambie, 'Mama, sijaelewa.' Nitatafuta mutu mwingine atusomee. Lakini ukiniambia umeelewa, nitajuaje kwamba natakiwa kumutafuta?"