Mgeni Aliyejifunza Lugha Njiani

Shangazi alimsalimu mlinzi wa getini kwa lugha ya pale, tena bila kukwama. Mwuguzi akabaki ameshika begi la mgeni wake, ameduwaa. Yeye mwenyewe, pamoja na muda wote aliojitolea kuhudumia wazee katika nchi ile ya ugenini, bado aliomba chumvi kwa ishara.

"Umejifunza wapi, shangazi?"

"Njiani, mwanangu."

Hakuuliza zaidi. Kazi ilikuwa imemkausha. Alikuwa amefumba macho ya wafu wengi hadi machozi yakamwishia. Alifurahi kwa mbali tu kuwa na mtu wa nyumbani, ingawa chumba kilianza kunuka udongo uliolowa, na shangazi hakugusa chakula.

Kesho yake akaenda naye kazini. Shangazi akaketi kando ya mzee mmoja, fundi saa mstaafu, mtani wa wodi nzima, aliyemwita kila mwuguzi mchumba wake. Akamwinamia, akamnong'oneza. Uji ulipoletwa, fundi saa alifungua mdomo, akaufunga. Neno halikutoka.

"Kiharusi," daktari akasema.

Lakini jioni nyumbani, mwuguzi akiwa bafuni anafua, alisikia kicheko cha fundi saa kikitoka sebuleni, kicheko kilekile cha kukohoakohoa, na alipochungulia alimkuta shangazi peke yake kitini, midomo imefumbwa, koo likipanda na kushuka.

Simu ikaita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, najua ulimngoja bure, sikuwa na uso wa kukupigia," mama alinong'ona. "Shangazi yako hakusafiri. Alianguka uwanja wa ndege, tukamrudisha. Yuko hapa ananitazama. Tangu hapo hasemi, utadhani hana ulimi."

Mwuguzi alijua anatakiwa kukimbia, na mlango ulikuwa wazi, lakini miguu ilisimama tu kama ya mtu mwingine, na harufu ya udongo ikamjia shingoni, ikifuatwa na pumzi ya baridi, na mnong'ono ukamwingia sikioni taratibu, hata alipotaka kuita "Mama!" ulimi ukalala kinywani kama kitambaa kibichi.

"Haloo? Uko na nani huko?"

Mkono wa shangazi ukaichukua simu.

"Niko peke yangu, mama," ikajibu sauti ya mwuguzi, changamfu, huku mwenyewe akiitazama inavyotoka kooni mwa shangazi. "Nimewakumbuka jamani! Nakuja nyumbani."