Kitambaa Kilicholegea Kifuani

Saa tatu asubuhi daktari wa mishipa alibandika filamu ya skani kwenye taa ya ukutani, akaikodolea macho, kisha akamwita mlinzi mkuu wa hospitali. Huyu alikuwa mama mmoja mpelelezi mstaafu, ambaye wauguzi walimwita Kachero.

"Filamu imeibwa," daktari alisema. "Lebo ni ya leo, picha ni ya zamani. Mgonjwa alishonewa mrija wa kitambaa kwenye mshipa mkuu wa damu, miaka sita sasa. Mrija wa aina hiyo hutanuka kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Huu haujatanuka hata chembe."

Kachero alifurahi waziwazi. Tangu astaafu, kesi zake zilikuwa vijiko vya kantini tu. Aliona lebo imehamishwa kwa ustadi, bila kunyanzi hata moja. Juu ya mrija palikuwa na vistari viwili vya chaki ya buluu.

Alianza na fundi wa skani.

"Umechanganya picha?"

"Mimi? Nimeitia kwenye bahasha kwa mikono yangu, nikampa binti wa mgonjwa."

"Chaki unatumia?"

"Chaki ya nini, mama? Hapa si shule."

Binti alikuwa ukumbini, amekumbatia mkoba, macho mekundu. Kachero aliuomba, akakuta kadi za harusi na leso iliyolowa.

"Bahasha nilimpa baba, akanituma maji," binti alisema. "Naogopa, mama. Wakimlaza tena, Jumamosi nani atanikabidhi kwa mume wangu?"

Akabaki baba mtu, fundi cherehani, ameketi kwenye benchi wima kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee. Kalamu yangu imeanguka, niokotee. Mgongo unanisumbua."

"Marahaba. Hata wangu unanisumbua," mzee alijibu upesi.

"Hauinami hata kidogo?"

Alijaribu. Shati likalia kwaru kwaru.

"Vidole vyako vina buluu, mzee. Ulipima picha kwa chaki ya kukatia nguo, ukahamisha lebo. Itoe tu."

Mzee aliichomoa filamu tumboni. "Nilizipima zote mbili, hii na ile ya zamani niliyokuwa nayo nyumbani. Hii mpya ni pana! Maisha yangu yote nashona: kitambaa kikilegea, mshono huachia. Nikajua mtanipasua leo leo. Nikasema nimwoze mwanangu kwanza, halafu mnichane mpendavyo."

Daktari, aliyekuwa amewafuata ukumbini, aliipima filamu, akaangua kicheko.

"Mzee, hili si gauni. Damu inasukuma mchana na usiku, lazima mrija utanuke kidogo. Mwili umeshaufunika kwa utando wake, na mishono imeshika. Ungetanuka sana ningekupasua, lakini ningejuaje na picha umeigeuza fulana? Sikupasui. Rudi mwakani."

"Baba!" binti alifoka. "Na kama ungepasuka kweli?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa kukuacha peke yako siku ile."

Binti alimpiga begani, akacheka huku machozi yanamtoka. Mzee akamshika mkono, wakatoka polepole, vifua mbele, wakipita katikati ya foleni nzima ya wagonjwa, mzee akilia bila kujificha.