Kakao ya Fanueli

Ikupa alizaliwa juu, upande wa Tukuyu, kwa watu wa kahawa. Kahawa ilikuwa ikioshwa mpaka utelezi wote uishe. Basi alipoolewa bondeni Kyela, na kakao pia aliifanyia hivyo hivyo. Alipasua matunda, akatoa mbegu, akazisugua mtoni mpaka ute mweupe ukatoka wote. Kisha akazianika juani. Zilikauka zikang'aa.

Mnunuzi alizikataa. Alipasua moja kwa kisu, akaitazama ndani.

"Mama, hizi bado si kakao," alisema.

Msimu uliofuata alipasua tena, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku hiyo Gideoni, mume wa Ikupa, alikaa mlangoni akanoa shoka.

"Miti hii inakula shamba bure. Naikata nipande mihogo."

"Baba Damari, miti hii aliipanda Fanueli."

"Na Fanueli yuko wapi, aje atufundishe?"

Fanueli alikuwa mdogo wake Gideoni. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha chokoleti, huko milimani Mufindi. Ndiye aliyeleta miche, akaipanda kwa mikono yake. Alisema, "Ikizaa nitakuja kuwaonyesha kazi yake." Miti ilizaa. Yeye hakuja. Zilikuja habari kwamba amefariki kwa homa ya mapafu, na amezikwa huko huko.

"Twende kwanza tukaone kaburi," Ikupa alisema.

"Tutakwenda. Nikirudi, naikata."

Walisafiri mwaka wa 1957, baada ya mavuno ya mpunga. Walipanda lori mpaka Uyole, kisha lori jingine la kwenda Iringa. Kadiri walivyopanda milima, baridi ilizidi. Gideoni alijifunika blanketi.

Mufindi walipokelewa na Siwema, mwanamke wa Iringa mjini aliyefanya kazi pamoja na Fanueli. Aliwapeleka kaburini. Gideoni alipiga magoti, akang'oa majani taratibu, moja moja. Hakuna aliyemharakisha.

Halafu Siwema akasema, "Poleni sana, ndugu zangu. Njooni basi mpaone mahali alipokuwa akifanya kazi."

Ndani ya kiwanda kulikuwa na joto na harufu nzuri. Mbegu zilikaangwa, zikapepetwa maganda, zikasagwa kwa jiwe zito. Ziligeuka uji mweusi, mzito. Uji ule ulitiwa sukari, ukasagwa tena, ukamiminwa ugande. Siwema aliwapa kila mmoja kipande. Ikupa alikiweka ulimini. Kikayeyuka polepole.

"Hii nayo imetoka mtini?" aliuliza.

"Mtini kabisa, shoga yangu."

Ikupa alifungua fundo la kanga yake. Ndani yake mlikuwa na mbegu chache za kakao ya nyumbani. Alizileta aziweke kaburini, lakini alimwonea haya mumewe. Siwema alipasua moja. Ndani ilikuwa na rangi ya zambarau, imeshikamana kama jiwe.

"Mliziosha hizi?"

"Nilizisugua mpaka zikang'aa."

Gideoni akamgeukia mkewe. "Mama Damari! Kumbe uliziogesha kama mtoto wa kupeleka kanisani!"

Alicheka kidogo. Tangu msiba, Ikupa hakuwa amesikia kicheko hicho.

"Ndipo mlipokosea," Siwema alisema. "Ule ute mnaoumwaga ndio unaozipika mbegu."

"Unazipikaje bila moto?"

"Kwenu mkitaka ndizi ziive upesi, mnafanyaje?"

"Tunazivundika. Tunazifunika kwa majani ya mgomba."

"Basi na kakao ivundikeni. Msiioshe. Tandikeni majani ya mgomba, yatoboeni ili maji yachuruzike. Rundikeni mbegu na ute wake, mfunike vizuri. Kila baada ya siku mbili zigeuzeni, za chini zije juu. Siku ya sita au ya saba anikeni, mkizigeuzageuza mpaka zikauke. Mvua isizinyeshee."

Gideoni alikuwa akisikiliza kwa makini. "Nani alikufundisha haya, dada?"

Siwema aliinamisha macho. "Fanueli ndiye aliyenifundisha."

Gideoni alitoka nje, akasimama peke yake kwenye baridi. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Ndaga, dada," alisema, akishukuru kwa lugha ya kwao. "Sasa tumemsikia."

Nyumbani walivundika kakao yao. Siku ya pili Ikupa alitia mkono chini ya majani. Kulikuwa na joto kama la uji. Gideoni alinusa, akaruka nyuma.

"Zimeoza! Zinanuka kama pombe."

"Subiri wewe. Si tuliambiwa?"

Walizigeuza, wakasubiri, wakazianika mkekani. Mnunuzi alipokuja, alitoa kisu chake. Ikupa alishika kanga yake kwa mikono miwili. Mbegu ilipasuka. Ndani ilikuwa ya kahawia, ina mipasuko midogo midogo.

"Naam," mnunuzi alisema. "Sasa hizi ni kakao. Leteni gunia."

Mnunuzi alipoondoka, Gideoni alichukua shoka, akashika njia ya shamba. Ikupa alimfuata mbio.

Alimkuta ng'ambo ya miti ya Fanueli, anakata fito porini. Miti ya kakao ilikuwa imesimama yote.

"Njoo ushike upande huo," Gideoni alisema. "Tujenge kichanja cha kuanikia. Msimu ujao mkeka hautatosha."