Siku Kahogo Alipoikimbia Kengele Yake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Georgina alifagia ua, akateka maji, kisha akampa Kahogo mabaki ya ndizi za jana. Kahogo alikuwa mbwa jike wa rangi ya kahawia, na pale kijijini Nyanga hakuna mbwa aliyemshinda kunusa nguruwe mwitu. Kengele yake ya mti ilitundikwa ukutani. Ikishushwa tu, alirukaruka kama kichaa, maana kwake ilikuwa na maana moja: mawindo.

Jumamosi moja ya mwaka 1953, baba yake, mzee Byarugaba, alimwambia, "Georgina, mfungie Kahogo kengele. Leo twende wote."

Georgina hakuwahi kupelekwa mawindoni. Alifunga kengele upesi, kwa furaha. Lakini walipofika njia panda, baba hakushika njia ya porini. Aliteremka moja kwa moja hadi Kagondo, kwenye uwanja wa chanjo, ambako mbwa wengi walibweka na kulia, wakivutana na kamba.

"Tata, mbona huku?" Georgina alimuuliza baba yake.

"Nyamaza. Ningekutajia sindano, ungemficha."

Vijana wawili waliojitia kuijua kazi walimwangusha Kahogo na kumfunga mdomo kwa kamba ya mgomba. Mbwa alimtazama Georgina, naye akabaki amesimama tu. Kabla sindano haijamgusa, Kahogo alijinyonganyonga, kamba ikachomoka, akatoka mbio. Kengele ililia shingoni, na kadiri ilivyolia ndivyo alivyozidi kuikimbia.

Jioni alionekana katikati ya mibuni. Baba akiita, anarudi nyuma. Georgina akiita, anarudi nyuma vilevile. Hilo ndilo lililomuuma. Uongo ulikuwa wa baba, lakini mikono iliyofunga kengele ilikuwa yake. Alijiona amefanywa chambo, tena na mtu aliyemwamini kuliko wote. Kwa siku mbili alimwandalia baba chakula bila kumwambia neno.

Na muda ulikuwa mfupi. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia wilayani, na amri ya serikali ilitangazwa: mbwa asiyekuwa na kibati cha chanjo shingoni kufikia Jumamosi iliyofuata angepigwa risasi.

Jumatatu, baada ya shule, Georgina alikwenda peke yake hadi uwanjani Kagondo kwa Bwana Muhidini, bwana mifugo kutoka mjini Bukoba aliyesimamia chanjo, akamweleza yote.

"Njoo nyumbani umchome, bwana," alimwomba.

"Nikija mimi atakimbilia Uganda," alisema Bwana Muhidini. "Anakuogopa na wewe?"

Georgina aliinamisha kichwa. "Ndiyo, bwana."

"Basi anza hapo. Keti mbali, usimkazie macho, muwekee dagaa, mwache aje mwenyewe. Kengele ivue. Akishazoea, mshikeshike paja na umfinye kidogo, azoee kabla ya sindano. Kisha mlete hapa kila asubuhi, mapema, kabla uwanja haujajaa. Siku za kwanza hatachomwa. Atanusa, atakula, mtarudi. Na watu wasimwangushe tena, mimi niliwaachia wale vijana kwa sababu ya haraka. Nilikosea."

Siku hiyo Georgina alikaa chini ya mibuni mpaka miguu ikafa ganzi. Kahogo hakuja. Jumanne alikula dagaa, akakimbia. Jumatano alikubali kuvuliwa kengele. Alhamisi na Ijumaa walikwenda Kagondo, Bwana Muhidini akaketi chini kama mtu anayepumzika, Kahogo akamnusa viatu.

Jumamosi alfajiri baba alitokea na kamba mkononi. "Nitamshika mimi. Leo si siku ya mchezo."

"Hapana, Tata," alisema Georgina. Hakurudi nyuma. "Wewe fuata kwa mbali."

Byarugaba alimtazama binti yake, akaiweka kamba chini.

Uwanjani Kahogo alitetemeka, lakini alibaki. Georgina alimkumbatia, mkono mmoja ukimlisha dagaa. Sindano ikaingia pajani. Mbwa alilia mara moja, akageuza kichwa, akaendelea kula. Bwana Muhidini akamvisha kibati.

"Mzee," alimwambia Byarugaba aliyekuwa amesogea, "maumivu ya sindano mnyama huyasahau upesi. Lakini ukimdanganya anayekuamini, mnyama au mtoto, utakuwa na kazi kubwa ya kumrudisha."

Byarugaba alimgeukia Georgina. "Nilikudanganya, mwanangu," alisema. "Niliona aibu kukuomba unisaidie, nikaona uongo ni rahisi. Unisamehe."

Georgina alitaka kusema yamekwisha, lakini hayakuwa yamekwisha. "Mwombe na Kahogo msamaha," alijibu.

Baba alichukua dagaa mmoja, akamwita mbwa. Kahogo alirudi nyuma ya miguu ya Georgina.

"Usimwite, Tata. Keti tu."

Na Byarugaba, mwindaji aliyeogopwa na nguruwe wote wa Nyanga, akaketi kwenye nyasi zenye umande, dagaa mkononi, akangoja.