Karatasi Juu ya Ufa

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la vitenge, Hafsa alipitia kwanza nyumba yake ya kupangisha pale Mtendeni. Ilikuwa nyumba ya zamani sana, ya matofali mabichi, yenye vyumba vinane kuzunguka ua. Yeye na mumewe, Mfaume, waliinunua mwaka uliopita. Mfaume aliuza shamba lake la Isikizya. Hafsa aliuza dhahabu aliyoachiwa na mama yake. Nyuma hawakubakiza kitu.

Mpango wao ulikuwa mzuri kwa kuusikiliza. Wangeipendezesha nyumba, wangepata wapangaji wenye mishahara, kodi ingepanda, kisha wangejenga ghorofa juu. Wakaanza na sura. Wakapiga plasta ya saruji nje na ndani, wakapaka rangi ya maziwa. Majirani wakasifu. "Mama Issa, hii si nyumba, ni keki ya harusi!" Hafsa akacheka mpaka machozi.

Mvua za Novemba zilipoanza, kicheko kikaisha.

Chumba cha kona alikaa Asnath, mwuza maandazi, na mtoto wake mchanga, Ezekia.

"Shikamoo, Mama Issa."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Ila mlango umegoma kufunga. Na huku ukutani, njoo uone."

Ufa ulishuka kutoka dirishani mpaka sakafuni. Kidole kiliingia. Chini yake, kwenye godoro, Ezekia alikuwa amelala chali, mikono juu.

"Tutaziba," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hafsa na Mfaume waliziba, tena kwa saruji nzuri. Baada ya wiki moja ufa ulirudi, mpana kuliko mwanzo. Ndipo Hafsa alipomwita Fundi Consolatha, mama aliyejenga mabani ya kukaushia tumbaku kule Urambo kwa miaka ishirini. Matofali mabichi aliyajua kama mama mkwe anavyomjua mkwewe.

Fundi aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama debe tupu. Akabandua kipande cha plasta. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, laini kama unga uliokandwa.

"Huu ukuta mmeunyima pumzi," alisema. "Tofali bichi likilowa, lazima likauke. Maji yanaingia chini, hapa mnapomwaga ya kufulia. Yanaingia juu, maana paa halina mifereji. Kutoka hayawezi, saruji imeyafungia. Mlipokuwa mnanunua, mlimwita nani akague?"

Mfaume alikohoa. "Tuliangalia bati. Bati lilikuwa jipya."

"Baba Issa, mtu hanunui ng'ombe kwa kutazama pembe."

"Na ghorofa yetu je?"

"Ghorofa juu ya udongo, bila nguzo wala mkanda wa zege? Hapo mtajenga kaburi la watu wengi. Na huyu binti mhamisheni leo."

Fundi alipotoka, Mfaume alimvuta mkewe pembeni. "Tukimhamisha mmoja, wote watajua. Wote wataondoka. Tutakula nini?"

"Fundi kasema leo."

"Mwisho wa mwezi, Hafsa. Siku tisa tu."

Hafsa alikubali, na hakujipenda. Alimfuata Fundi uani, akamweleza. Fundi alirudi chumbani kwa Asnath. Kisha alichukua ukanda wa karatasi, akaupaka uji wa ngano, akaugundisha juu ya ufa na kuandika tarehe.

"Macho yako yatakuambia nisichoweza kukuambia mimi. Karatasi ikichanika, ukuta unatembea. Hapo toa watu kwanza, maswali baadaye."

"Karatasi ya nini?" Asnath aliuliza.

"Ya vipimo tu," Hafsa alijibu.

Siku tatu zilizofuata Hafsa hakula akashiba. Kila mvua iliponyesha, dukani alipima kitenge vibaya. Kila mtu aliyekuja mbio alimdhania ameleta habari.

Siku ya nne, baada ya mvua kubwa ya mchana, alikuta karatasi imechanika katikati.

Asnath alikuwa uani akikaanga maandazi, Ezekia amelala godoroni. Hakuna aliyeona. Hafsa alisimama pale, na wazo likamjia taratibu: gundisha nyingine, siku tano si nyingi. Aliweka kiganja ukutani. Ndani, nyuma ya plasta, alisikia udongo ukichuruzika.

Alimnyakua Ezekia na kukimbia. "Tokeni! Tokeni wote!"

Adhana ya alasiri haijaisha, kona nzima ikaanguka. Vumbi lilipotulia, godoro halikuonekana. Asnath alimpokea mtoto, akambana kifuani.

"Mama Issa, ulijua?"

Hafsa angeweza kudanganya. "Nilijua. Fundi alisema uhame siku ileile. Niliogopa kupoteza wapangaji."

Asnath hakutukana. Alifunga mtoto mgongoni akaenda kwa dada yake. Hafsa alitamani angetukanwa.

Basi wakajenga ukuta walioukimbia, lakini safari hii kwa akili. Walikopa kwa dhamana ya duka, wakachukua kibali manispaa. Saruji yote ilibanduliwa, na kuta zikapigwa plasta ya udongo na chokaa. Kona ilijengwa kwa matofali ya kuchoma juu ya msingi wa mawe. Paa likapata mifereji, ua ukapata mtaro. Fedha iliyobaki iliingia ndani badala ya kupanda juu kuwa ghorofa: vyumba sita wakavifanya makao matatu, kila moja na choo, maji na mita yake ya umeme. Wauguzi na walimu wakagombania. Makao hayo matatu yakawaingizia kodi kuliko vyumba vyote vinane vya zamani. Vyumba viwili vilibaki vya mtu mmoja mmoja, na Hafsa akamfuata Asnath, amrudishie chumba cha kona.

"Lala wewe kwanza," Asnath alimwambia. "Masika yote. Kisha nitafikiri."

Novemba iliyofuata Hafsa alihamia chumba cha kona. Mvua ya kwanza ilipopiga alikaa kitandani ameshika tasbihi, kiganja kimoja ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu. Mvua ya pili aliogopa kidogo. Ya kumi ilimkuta anakoroma.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokwisha, Asnath alifika asubuhi, Ezekia akitembea kando yake. Alichungulia mlangoni.

"Kitanda umekisogeza mpaka ukutani?"

"Palepale alipokuwa analala mwanao."

Asnath aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Kodi ni ile mpya?"

"Ni ile mpya."

"Haya, Mama Issa. Toa kitanda chako."