Usukani wa Trekta la Mjane

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi mitambo asiyejua kutia chumvi. Mjane mmoja alimwita afunge pampu kwenye trekta kuukuu la marehemu mumewe, ili usukani usukumwe na mafuta. Mabega ya mama yule yalikuwa yamekwisha, na shamba lililala msimu wa pili bila kulimwa.

Alasiri kazi ilipokwisha, upepo wa vumbi ukavuma. Fundi akafunga mlango wa banda, kukawa giza totoro. Akazima injini aliyokuwa akiijaribia pampu, pampu nayo ikasimama, asikilize kama kuna mpira wa mafuta unaovuja. Akasikia mafuta yakipita, fsss, kisha matairi ya mbele yakisaga sakafu, kushoto mpaka mwisho, halafu kulia.

"Mama, umepanda trekta?"

"Niko huku nje, mwanangu," mjane akajibu kinyonge nyuma ya mlango. "Na wewe umeusikia? Basi acha, utoke. Wewe ni fundi wa tatu."

Fundi hakutoka. Akapapasa gizani, akaukamata usukani ausimamishe. Chuma kilikuwa baridi kote, isipokuwa sehemu mbili zenye upana wa kiganja, zilizokuwa na joto na majimaji ya jasho.