Mbao Mbichi za Aminieli

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka kwenye mlima Meru, Aminieli alikuwa ameshakata majani ya migomba ya kumlisha ng'ombe, ameshachota maji mferejini, na ameshagombana na dada yake juu ya nani kapakuliwa uji mwingi. Kisha alishuka kwa njia ya mashamba ya kahawa hadi Usa River, kwenye karakana ya useremala. Wakati huo nchi yetu iliitwa Tanganyika na ilitawaliwa na Waingereza. Mtoto aliyemaliza darasa la nne akakosa nafasi ya kuendelea na masomo alirudi kushika jembe, labda apate mtu wa kumfundisha ufundi. Aminieli hakulichukia jembe, ila moyo wake ulikuwa kwenye msumeno na randa.

Karakana ile ilikuwa ya Fundi Romanus, Mchaga wa Kilema, mtu wa sauti ya upole na macho yasiyosahau. Alikuwa na sharti moja. Wanafunzi walikaa wawili wawili, na kila wawili walitengeneza benchi lao wenyewe la kufanyia kazi. Benchi likimaliza kiangazi likiwa limenyooka, wenyewe walibaki kufundishwa ufundi wote, toka viti hadi madirisha. Likipinda, walirudi nyumbani. Fundi alisema kwamba seremala mwenye benchi lililopinda, hata awe na jicho la tai, kazi yake itakwenda upande.

Kwa sababu hiyo aliwaambia mapema, mara tu mvua za masika zilipokwisha, watafute mti, waupasue mbao, na mbao hizo wazipange kivulini, juu ya mawe, na vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Mbao zingekauka polepole wakati wao wakijifunza kunoa patasi na kushika msumeno. Mwisho wa mwaka ndipo wangeanza kujenga mabenchi.

Mwenzake Aminieli alikuwa Jabiri, mtoto wa mwenye duka pale pale Usa River. Jabiri hakuwa na shamba wala mti, lakini baba yake alikuwa amebomoa ghala la zamani, na nguzo zake zilikuwa kavu na ngumu kama mfupa. Wakakubaliana kwamba Jabiri alete miguu ya benchi na Aminieli alete mbao za juu. Baba yake Aminieli, Mzee Anaeli, alikuwa ameangusha mgrivea uliozidisha kivuli kwenye kahawa yake, na wapasua mbao wakaupasua vizuri. Alimwambia mwanawe azipange siku hiyo hiyo.

Aminieli aliitika. Lakini siku hiyo kulikuwa na mpira, na kesho yake kulikuwa na mpira tena, na wewe unajua mpira ulivyo. Mbao zililala kwenye nyasi za shambani. Mvua za vuli zikazinyeshea, na mchwa nao hawachezi mpira. Siku Aminieli alipokwenda kuziangalia, aliinua ubao wa kwanza ukavunjika mkononi kama mkate.

Alikaa juu ya jiwe akahesabu siku. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya wanafunzi kumwonyesha Fundi mbao zao. Kumwambia Fundi ukweli maana yake ilikuwa kungoja mwaka mzima na kuanza tena na wadogo, huku wenzake wakiwa mbele. Akaenda kwa mjomba wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepasua mgrivea wake, akaomba mbao. Mjomba alimpa kwa moyo mweupe, akidhani ni za kupanga zikauke.

Hapo ndipo Aminieli alipojiona mjanja. Katika nyumba za mlimani, kitu cha kutunzwa hupandishwa darini, juu ya mafiga, na moshi wa kila siku hukigeuza cheusi. Kila mtu wa huko, akiona ubao mweusi, husema umekula moshi, yaani umekauka sawasawa. Basi, mama yake alipokwenda soko la Tengeru, Aminieli alikwangua masizi kwenye sufuria na vyungu vyote, akayachanganya na mafuta kidogo, akazisugua mbao zile mbichi mpaka zikawa na sura ya uzee. Mama aliporudi alishangaa kukuta sufuria zinang'aa, akamsifu mwanawe kwa bidii. Sifa hiyo haikumpendeza hata kidogo.

Siku ya kuonyesha mbao, lori lilikuwa barabarani likimngoja Fundi Romanus aende kufunga madirisha kwenye nyumba moja huko Arusha mjini. Alipita haraka. Alipapasa ule weusi, akamuuliza Aminieli mbao zake zilikuwa wapi muda wote huo.

"Darini, Fundi," alijibu Aminieli, na masikio yakamwaka moto.

Fundi akamwamini, akapanda lori.

Kazi ikaanza. Randa ilipopita juu ya mbao, maranda yalitoka marefu, laini, na yenye unyevu. Jabiri aliyashika, akauliza mbona ni kama majani mabichi. Aminieli akamwambia kwamba mgrivea ndivyo ulivyo, una utomvu mwingi hata ukikauka. Jabiri, mtoto wa dukani, alijua habari za sukari na mafuta ya taa, hakujua habari za mgrivea. Alikubali. Wakachonga ndimi kwenye miguu, wakatoboa matundu ya kuziingiza, wakapigilia mbao za juu, na benchi likasimama. Lilikuwa zuri kuliko yote. Fundi aliporudi alilizunguka, akatabasamu, akasema kilichobaki ni kuviacha jua na upepo viseme.

Januari ilikuja na upepo mkavu, ule unaotimua vumbi kutoka upande wa Kisongo mpaka midomo ikapasuka. Mbao za Aminieli zikaanza kukauka, tena kwa haraka. Kwanza zilitengana, ukaweza kupitisha kidole katikati. Halafu zikajikunja pembeni, zikavuta miguu, na benchi likaanza kutikisika kila mtu alipolishika.

Jabiri alidhani kosa ni lake. Yeye ndiye aliyekata miguu, na benchi linalotikisika, kwa akili ya kawaida, lina mguu mrefu. Akakata kidogo mguu mmoja. Benchi likatikisika upande wa pili. Akakata na huo. Likarudi kutikisika upande wa kwanza. Kila jioni wengine walipokwenda zao, Jabiri alibaki na msumeno wake, anapima, anakata, anatikisa, mpaka benchi likawa fupi na wavulana wakaanza kumwuliza kama anatengeneza kigoda cha bibi yake. Aminieli alisimama kando akimshikia taa na kusema maneno matupu: "Labda kidogo tena upande huu." Alijua kwamba hakuna mguu wa kukata, na bado alimwacha akate.

Jioni ya kuamkia siku ambayo Fundi angekagua mabenchi, Jabiri aliweka msumeno chini. Hakuwa akilia, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Aminieli, nimefikiri," alisema. "Kesho nitamwambia Fundi kwamba miguu niliikata vibaya mimi peke yangu. Mbao zako ni nzuri, hazina kosa. Atanirudisha mimi dukani, na wewe atakutafutia mwenzio mwingine. Hakuna haja tukose sote wawili."

Aminieli aliokota msumeno, akautundika mahali pake. Alipanda njia ya nyumbani akijihisi mzito. Angeweza kunyamaza siku moja tu zaidi, na nafasi ingekuwa yake. Jabiri mwenyewe alikuwa amempa. Lakini kila alipoiwazia nafasi hiyo, alimwona Jabiri nyuma ya mizani ya duka, akiamini maisha yake yote kwamba mikono yake haifai. Hilo hakuweza kulivumilia.

Alimkuta baba yake akipalilia kahawa, akamweleza yote, toka mpira hadi masizi. Mzee Anaeli aliweka jembe chini. Kisha akaenda kwenye mpaka wa shamba, akachuma jani la isale, mmea ambao watu wa mlimani humpelekea mtu waliyemkosea wanapoomba msamaha, akampa.

"Nenda nalo mwenyewe," alisema. "Mimi sikusugua masizi."

Asubuhi wanafunzi wote walikuwa wamesimama kando ya mabenchi yao. Fundi Romanus alikuwa na vijiti vyake viwili vilivyonyooka, ambavyo aliviweka mwanzo na mwisho wa benchi, akachungulia kwa jicho moja kuona kama vinalingana. Alipofika kwao, Jabiri alikohoa kusafisha koo. Aminieli akamtangulia.

"Shikamoo, Fundi. Miguu haina kosa. Mbao ni zangu na zilikuwa mbichi. Zangu za kwanza zililiwa na mchwa kwa uvivu wangu, nikapaka hizi masizi ili uone zimekula moshi. Jabiri hakujua."

Akalishika benchi, akaligeuza miguu juu. Chini, mahali ambapo randa haikupita, weusi ulikuwa bado upo. Fundi alipitisha kidole, akakitazama. Hakuna aliyecheka. Aminieli akatoa jani la isale kwa mikono miwili.

Fundi Romanus alilipokea. Mtu wa milima ile halikatai jani hilo.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini isale linanyoosha moyo, mwanangu, halinyooshi ubao. Jabiri atabaki, kwa kuwa kosa si lake. Wewe nenda nyumbani. Siku utakayokuwa na mbao kavu, rudi."

Jabiri hakumwangalia. Alisema tu, polepole, kwamba amekata miguu ile mpaka akaota malengelenge, na Aminieli alikuwa amesimama pale pale anamwangalia. Aminieli alimpa mkono, lakini Jabiri hakuupokea siku hiyo.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Aminieli alipalilia kahawa, alichuma, aliosha, na jioni alikwenda nyuma ya nyumba kuangalia mbao mpya ambazo baba yake alimpa. Alizipanga juu ya mawe, akaweka vijiti, akazigeuza, akapuliza vumbi la mchwa, akazigeuza tena. Wavulana walimwita aje kucheza mpira. Alikwenda, kwani mpira si dhambi, ila alikwenda baada ya kuzigeuza. Mbao zake hazikuwa nyeusi. Zilikuwa za kijivujivu, nyepesi, na ukizigonga zilitoa sauti kali.

Kiangazi kingine kilipofika alizibeba begani akashuka nazo Usa River. Fundi Romanus aliuinua ubao mmoja, akaupima mkononi, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akauweka chini taratibu.

"Hizi ni mbao," alisema. Kisha akakaa juu ya gogo na kumwonyesha Aminieli akae naye. "Nataka ufikiri jambo moja. Ungekuja kwangu siku ile ukaniambia mchwa wamekula mbao zako, ningekuambiaje?"

"Ungeniambia ningoje mwaka, Fundi."

"Na sasa umengoja muda gani?"

"Mwaka."

"Basi umeona. Mwaka ule ulioukimbia umeutumikia wote, hukupunguziwa hata siku. Uongo haukukufupishia njia. Ulikuongezea tu mzigo, na rafiki yako akaubeba upande wake bila kujua. Nyinyi wote sikilizeni," akasema akiwageukia wanafunzi wengine. "Ubao unahitaji muda wake, na ukweli una siku yake ya kusemwa. Mwenye akili huusema mapema, wakati bado ni mwepesi kubeba."

Aminieli aliinamisha kichwa. Alipokiinua, Jabiri alikuwa amesimama mbele yake, amerefuka, na penseli nyuma ya sikio kama fundi kamili. Jabiri aliutazama ubao, akauinua upande wake mmoja, akangoja. Aminieli akauinua upande wa pili, nao wakaupeleka kuupiga randa.